Mashine Ilisema Sitini, Mkono Ukasema Ishirini na Nane

Watu wengi wenye ambulensi katika sehemu zetu hizi hawajui kilichomo ndani yake. Mtu ananunua gari, analipaka rangi, analifungia king'ora, anaajiri dereva, kisha anakaa mjini Embu akingoja simu. Mimi sikuanza hivyo. Niliacha shule darasa la sita, nikaingia gereji pale Kianjokoma kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, na kufikia umri wa miaka ishirini na tano hakukuwa na lori la majani chai upande wa Kibugu ambalo sikuwa nimelifungua tumbo. Leo nina ambulensi mbili, na moja naiendesha mwenyewe. Ukiniuliza kwa nini mwenye gari aendeshe mwenyewe, nitakwambia ni kwa sababu barabara za kule juu karibu na msitu hakuna anayezijua kama mimi.

"Na kwa sababu hakuna dereva anayekuvumilia," huongeza mhudumu wangu wa dharura, kila anaponisikia nikisema hivyo.

Huyo ni mwanamke wa Meru, wa Imenti, mwenye diploma na ulimi. Mimi humwita Daktari kama wagonjwa wanavyomwita. Zamani alikuwa akitusahihisha, siku hizi amechoka. Yeye huniita Mzee, na nimemzidi miaka kumi tu. Tumefanya kazi pamoja miaka mitano na hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa wagonjwa.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye mafunzo ya moyo. Nasema alinipeleka, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyealikwa, na mimi nilikuwa nimemfikisha tu Meru, kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa umekodishwa kwa siku tatu. Wahudumu wa dharura kama thelathini hivi, kila mmoja na daftari lake. Madereva waliambiwa wakanywe chai nje. Nikawatazama madereva wenzangu wakienda kunywa chai, nikajiambia mimi sikununua mashine ya moyo, mtumba mzuri wenye skrini na vibandiko vya kupiga moyo umeme, ili niwe mtu wa kuisukuma tu kama toroli. Nikaingia, nikakaa safu ya mbele.

Mwalimu alikuwa mwanamume mpole mwenye sweta, sauti yake ya chini. Alichora ubaoni pigo moja la moyo linavyoonekana kwenye skrini. Kwanza kilima kidogo, hapo vyumba vya juu vya moyo vinajikaza. Kisha kilele kirefu chembamba, vyumba vya chini vikisukuma damu. Kisha mwinuko wa taratibu, moyo ukijitayarisha upya. Mimi nilipoona kile kilele katikati na vilima huku na huku nikasema huo ni Mlima Kirinyaga ukiutazama asubuhi. Watu wakacheka, lakini mpaka leo wahudumu waliokuwa pale wakikutana nami huniuliza, "Mzee, Kirinyaga iko?" Mwalimu mwingine angefukuza mtu kama mimi. Huyu alichukua chaki akaandika Kirinyaga juu ya kile kilele.

Siku ya pili alikuja na pesimeka, ile watu wetu wanaiita betri ya moyo. Alikuwa na moja iliyokwisha kazi, kibonge kidogo cha chuma kinachoenea kiganjani, na waya mwembamba kama wa redio. Akaeleza: kibonge kinawekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga wa kushoto mara nyingi, waya unapita ndani ya mshipa mpaka moyoni, na ncha yake inashikana na nyama ya moyo. Moyo ukichelewa kupiga, kibonge kinatuma cheche. Moyo ukiipata, unapiga.

Nikainua mkono. "Betri ikiisha inachajiwa wapi?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Daktari wangu alijifunika uso kwa daftari. Mwalimu hakucheka. Alisema haichajiwi, inadumu miaka mingi, na ikikaribia kuisha kibonge chote hubadilishwa. Basi nikaridhika. Waliocheka hawakuwa wanajua jibu, niliona kwa macho yao walivyoliandika haraka.

Kisha akachora picha ambayo sitaisahau. Mistari mifupi iliyosimama wima, moja, mbili, tatu, kama vijiti vya kuhesabia, na baada ya kila kijiti hakuna kitu. Hakuna Kirinyaga. Halafu mbali kidogo, pigo moja pana lililojileta lenyewe, halafu vijiti tena vitupu.

"Hapa kuna nini?" akauliza.

Mimi nikasimama. "Hapa koili inatoa cheche, lakini injini haishiki. Waya wa plagi umechomoka. Na ukiangalia geji ya mizunguko utadanganywa, kwa sababu geji inahesabu cheche kutoka kwenye koili, haijui kama ndani ya silinda kumewaka."

Mwalimu aliweka chaki chini. Akageukia wale wenye madaftari. "Andikeni alivyosema huyu," akasema. "Mashine inaona umeme, haioni damu. Kijiti kinaweza kuhesabiwa kama pigo. Kwa mwenye pesimeka, msiiamini mashine mpaka mmemshika mkono."

Mafunzo yalipoisha nilirudi Embu nikiendesha kama mtu aliyepewa shahada. Daktari alikaa kando yangu, na tulipopita Chuka akasema, "Swali la chaji lilikuwa la aibu."

"Na la plagi?"

"La plagi lilikuwa zuri," akasema, akiangalia nje ya dirisha ili nisimwone akicheka.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja baada ya mvua nzuri, wakati chai imechipua na kila mtu yuko shambani, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, anapumua kama amepanda mlima akikimbia. Mama mkwe wake ameanguka kwenye chai. Ni juu ya Kibugu, karibu na msitu. "Ana betri ya moyo," akasema. "Aliwekewa wiki tatu zilizopita. Njooni upesi."

Barabara ile mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Mahali ambapo wengine wangegeuka, mimi nilipita nusu ubavu, Daktari ameshikilia mlango na kuomba kwa Kimeru. Tukafika. Mama mkwe mwenyewe, mwanamke mwembamba mzee ambaye kila mtu pale alimwita Shosho, yaani nyanya, alikuwa amelazwa kati ya mistari ya chai juu ya ile plastiki ambayo wachumaji hujifunga kiunoni. Kikapu chake kilikuwa pembeni, nusu kimejaa. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu. Lakini alikuwa macho.

Wachumaji wanne walitusaidia kumtoa, maana kati ya michai hakuna nafasi ya machela kupita sawasawa. Tulipomwinua akafungua mdomo.

"Mnanipeleka miguu mbele kama maiti kwa nini? Nigeuzeni. Sijafa."

Tukamgeuza. Mtu wa namna hiyo unampenda papo hapo.

Ndani ya gari Daktari akambandika waya kifuani. Mashine ikaanza kulia, ti, ti, ti, sawasawa kabisa, na kwenye skrini namba ya kijani ikatokea. Sitini. Ukimwonyesha mtu asiyejua, atakwambia huyu mama ni mzima kuliko sisi. Mkaza mwana, yule aliyepiga simu, akaona ile namba akashusha pumzi. "Mungu ni mwema," akasema.

Lakini mashine ya presha ilivimba mkononi mwa Shosho mara tatu na kila mara ikanywea bila kutoa jibu. Na Shosho alianza kusinzia katikati ya maneno. Alikuwa anamwambia mkaza mwana aangalie kile kikapu kisiibiwe, akafika kwenye neno kikapu, macho yakapinduka kidogo, kisha akarudi, akamalizia. Daktari alikuwa anatafuta mshipa wa kuweka sindano, na mishipa ilikuwa imejificha.

"Mzee, panda hapa nyuma," akasema. "Mshike mkono. Hesabu."

Nikapanda. Nikashika kifundo cha mkono, baridi kama chuma cha asubuhi. Nikatafuta. Nikadhani vidole vyangu vya grisi vimekufa ganzi. Kisha pigo likaja. Zito. Nikangoja. Nikangoja tena. Mashine ikalia ti, ti, na chini ya kidole changu kimya. Ndipo likaja lingine.

Nikahesabu nusu dakika. Kumi na nne.

"Daktari, mashine inasema sitini, mkono unasema ishirini na nane."

"Hesabu tena. Dakika nzima."

"Nimehesabu."

"Mzee, wewe uliishia darasa la sita."

"Darasa la sita linanitosha kufika ishirini na nane!"

Lakini nilihesabu tena, dakika nzima, nikiangalia saa ya ukutani mwa gari, huku mkaza mwana akitutazama sisi wawili kama anayetazama mechi. Ishirini na nane. Nikainua macho kwenye skrini. Na hapo nikaviona, kwa macho yangu mawili ambayo hayajawahi kukaa sekondari. Vijiti. Kijiti, hakuna mlima. Kijiti, hakuna mlima. Halafu pigo moja pana linajileta lenyewe.

"Cheche zipo," nikasema. "Haishiki."

Daktari aliacha sindano akageukia skrini. Alikodoa macho kwa muda wa kama pumzi mbili, akaweka vidole vyake shingoni mwa Shosho, midomo ikihesabu. Kisha akaanza kuvuta droo, na mikono yake ikawa ya haraka sana, na nikajua ameamini.

Nikwambie kilichokuwa kinatokea, maana mkaza mwana pia alikuwa anauliza na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Moyo wa Shosho wenyewe ulikuwa umeshaharibika njia ya umeme, ndiyo sababu akawekewa betri. Sasa waya wa betri ulikuwa umeteleza kutoka mahali pake. Betri inatuma cheche zake sitini kila dakika, kwa uaminifu kabisa, na zote zinapotea. Moyo umebaki na nguvu zake za mwisho, mapigo ishirini na nane, na yale hayana mkataba na mtu. Yangeweza kuacha wakati wowote. Kutoka pale mpaka mjini ni mbali, na nusu ya njia ni matope.

Daktari alibandika vile vibandiko vikubwa, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, akikwepa uvimbe wa kibonge chini ya mtulinga. Kupitia vibandiko hivyo, mashine yetu ingeupiga moyo cheche kutoka nje, juu ya ngozi. Inauma. Alimpata mshipa hatimaye, akampa dawa ya maumivu, akainama sikioni.

"Shosho, nitakupiga umeme kidogo kidogo. Utauhisi. Nisamehe."

"Kidogo kidogo kama nini?" akauliza Shosho.

Daktari akaanza kupandisha. Kifua cha Shosho kikawa kinaruka, na Shosho akafungua mdomo akatutukana kwa Kiembu safi, matusi ya kizamani ambayo siku hizi hayasikiki hata sokoni. Mkaza mwana alijiziba masikio.

"Anakusalimu," nikamwambia Daktari.

"Nimeelewa, Mzee. Kimeru na Kiembu si mbali hivyo. Shika mkono, niambie."

Hapo mashine ilikuwa inasema sabini, kasi aliyoipanga Daktari. Lakini mashine tulikuwa tumeshamaliza urafiki nayo. Nilishika. Ishirini na nane bado. Akapandisha. Bado. Akapandisha tena, Shosho akaongeza tusi juu ya ukoo wangu. Kisha chini ya kidole changu likaja pigo, na lingine, na lingine, yakifuatana kama watu wanaotoka kanisani.

"Imeshika!" nikapiga kelele. "Daktari, imeshika!"

Alihakikisha mwenyewe, mshipa wa pajani, maana pale shingoni misuli inaporuka inaweza kukudanganya. Akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilishuka nikazunguka mbele, nikawasha gari.

Nimeendesha safari nyingi. Ile naiweka ya kwanza. Kwenye matope nilikuwa mpole kama nimebeba mayai, kwa sababu gari likiruka vibandiko vinaweza kuachia, na kwenye lami nikalikanyaga. Na kila baada ya kona mbili nilikuwa napiga kelele kupitia kile kidirisha cha nyuma.

"Mkono?"

"Sabini!"

Kona. "Mkono?"

"Sabini, Mzee, endesha!"

Kona. "Mkono?"

Sikupata jibu. Niliondoa mguu kwenye kanyagio, nasema kweli, mimi ambaye nimeshuka miteremko ya Kibugu bila breki. "Mkono!"

"Anatapika, ngoja!" Kisha, baada ya muda mrefu kuliko mwaka: "Sabini."

Tulipofika hospitali ya mjini, walikuwa wamejitayarisha kwa sababu Daktari alikuwa amepiga simu njiani. Wakamwekea waya wa muda kupitia shingoni, na mashine yetu ikapumzika. Asubuhi iliyofuata tulimpeleka wenyewe mpaka hospitali moja ya Nairobi iliyomwekea ile betri, Daktari nyuma, mimi mbele, Shosho akilalamika kwamba naendesha polepole. Waya ukarudishwa mahali pake siku hiyohiyo.

Siku tatu baadaye tulikwenda kumchukua. Tulimkuta ameketi kitandani, rangi imemrudi, amefunga kitambaa kichwani vizuri, anagombana na daktari wa moyo. Huyo alikuwa kijana wa mjini mwenye heshima zake, na mkononi alikuwa na kikombe cha chai.

"Mama, tulikwambia usibebe kitu kizito," alikuwa anasema.

"Sikubeba."

"Ulinyanyua maji? Kuni?"

"Muulize huyu." Shosho akaelekeza kidevu kwa mkaza mwana wake. "Hajaniacha nishike hata jembe. Nimekaa kama mgeni."

"Ni kweli, daktari," akasema mkaza mwana. "Kila kitu nafanya mimi. Yeye anachuma chai tu."

Daktari wa moyo akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapiga funda moja la chai, akaendelea kufikiri. Chai ya kwetu ilikuwa mkononi mwake na hakuwa na habari. Nikavumilia mpaka nikashindwa.

"Shosho," nikauliza, "majani unayarusha kwa mkono gani?"

"Yote miwili. Wewe umetoka wapi, hujaona mtu akichuma?"

"Kuyarusha wapi?" akauliza daktari wa moyo.

Shosho akamhurumia. Unaona mtu amesoma miaka yote ile na hajui kikapu cha chai kinakaa mgongoni. Akainua mkono wa kushoto ili amwonyeshe kiganja kinavyojaa, kinavyopanda, kinavyopita juu ya bega kwenda nyuma.

"Usinionyeshe!" daktari wa moyo akaruka, chai ikamwagika kwenye koti. "Mama, mkono chini! Chini!"

Mkono ukashuka. Sisi wote tukashusha pumzi. Daktari wangu wa Meru alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Mara ngapi kwa siku?" akauliza daktari wa moyo, sauti imepungua.

"Nani anahesabu? Mpaka kikapu kijae. Kisha tena."

"Wiki tatu?"

"Siku nne za kwanza nilipumzika," akasema Shosho kwa haki. "Mliniambia kizito. Jani la chai lina uzito gani?"

Hakubishana, na mimi namheshimu kwa hilo. Alivuta kiti akaketi. Akaeleza upya, polepole safari hii, kwamba shida ni kiwiko kupita bega, hata kama mkono ni mtupu, mpaka waya ushikane na nyama. Kisha akachukua karatasi ya masharti, ile iliyochapishwa, akachukua kalamu.

"Andika asichume chai," nikamwambia. "Andika kwa Kiswahili. Na usiandike kwa huyu peke yake. Huko kwetu juu wote wanachuma."

Akaandika. Daktari wangu akamwambia aongeze kuanika nguo kwenye kamba, na kusuka nywele. Akaongeza. Mkaza mwana akasema kuangua maparachichi. Akaongeza. Karatasi ikawa inajaa pembeni, na Shosho anafuata kila neno kwa macho yaliyokunjamana, kama anayenyang'anywa shamba mstari kwa mstari.

Daktari wa moyo akaweka sahihi, akafunga kalamu.

"Na kukamua?" akauliza Shosho.

Daktari wa moyo alitutazama mmoja mmoja, mimi, Daktari, mkaza mwana. Hakuna aliyemsaidia. Akaifungua kalamu.

"Ng'ombe ni mrefu kiasi gani?" akauliza.